Jina la ng'ombe lilivyoacha mtandao wa maziwa wazi

Baridi ya Molo bado imeganda kwenye mabati, na Eucabeth Kemunto amepiga magoti nyuma ya meza ya karani wa mizani. Miguu ndiyo inayoonekana, na gambuti zenye tope la Njoro. Anapapasa nyuma ya kompyuta kuukuu akitafuta kitu kisichozidi kidole gumba.

"Nimekupata," anasema, akikichomoa na kukipuliza vumbi. "Wewe ndiye umetutesa."

Ni adapta ya waifai, kifaa kinachoiwezesha kompyuta kunasa mtandao bila waya. Eucabeth anainuka taratibu, mkono kiunoni. Ana miaka arobaini na mitatu, watoto wawili, diploma ya kompyuta, na magoti ambayo anasema ni ya ajuza.

Kazi yake ni kufunga mitandao. Si kuivuta tu ifike, bali kuitia kufuli: kuweka usimbaji, yaani kuvuruga ujumbe unaopita hewani ili mdukuzi asiusome, na ufunguo wa kuingilia. Anahudumia maduka, shule na ofisi ndogo kutoka Nakuru hadi huku juu. Mwezi mzuri humpa elfu ishirini na tano. Mwezi mzuri hauji kila mwezi.

"Hakuna mtu anakupigia kusema waifai iko sawa," anasema. "Ukiona simu, ujue kuna kilio."

Kilio cha hapa kilikuwa kikubwa. Wiki mbili zilizopita mtu aliingia kwenye mtandao wa ushirika huu wa maziwa, akafikia kompyuta inayowatumia wanachama ujumbe wa simu. Akawaandikia kwamba kesho yake gari la maziwa halingepita. Mpaka leo hajulikani.

Wakulima walitii. Gari lilipopita, hakuna aliyetoka na mtungi. Maziwa yaliharibika kwenye ndoo. Wengine waliwapa ndama na mbwa. Mama mmoja alijaza vibuyu vyake vyote vya mursik, maziwa ya mgando, na bado akabaki na maziwa ya kuoshea miguu.

Sasa kamati imechoka. Mwenyekiti, Mzee Kipkemoi, amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mathe, nitakuambia ukweli," anamwambia Eucabeth, akimwita mama kwa lugha ya mtaani. "Message ya leo ikienda vizuri na watu walete maziwa kesho, tuendelee. Ikikataa, hii waifai tunang'oa. Turudi kwa kutuma mtu na pikipiki."

"Nimesikia, mzee."

Ushirika ukiondoka, Eucabeth atakuwa amepoteza mteja wake wa pekee anayelipa bila kukimbizwa.

Shida ilianza na ukarimu. Ufunguo wa mtandao ulikuwa Tausi, jina la ng'ombe wa Chepkemei, karani wa mizani, ng'ombe yule wa madoadoa aliyepewa utepe kwenye maonyesho. Nani Molo hamjui Tausi? Na kwa asiyemjua, jina liliandikwa kwa chaki ubaoni, chini ya bei ya maziwa.

"Sasa mgeni akiniuliza waifai nimnyime?" Chepkemei anajitetea. "Hapa hata chai hatunyimi mtu."

"Chai haiharibu maziwa ya watu, dada."

"Na Tausi amekukosea nini?"

"Tausi hana makosa. Wewe ndiye uliandika jina lake kwa ubao."

Chepkemei anacheka mpaka anafuta macho kwa kitambaa cha mizani. Eucabeth hacheki. Amekwisha kubadilisha ufunguo na kuwasha usimbaji mpya, wenye nguvu. Simu za ofisi zimerudi mtandaoni. Printa imerudi. Kompyuta ya karani, ile ile inayotuma ujumbe, imegoma.

Ndipo alipopiga magoti, na ndipo alipoelewa. Adapta hii ni ya zamani mno. Inajua usimbaji mmoja tu, ule uliovunjwa miaka mingi iliyopita, ambao mtu yeyote mwenye laptopu na subira anaweza kuufungua. Fundi aliyemtangulia, badala ya kubadilisha kifaa kimoja, aliushusha mtandao mzima ulingane nacho.

"Boma lote limebaki wazi kwa sababu ng'ombe mmoja hawezi kuruka kizingiti," anasema.

Mzee Kipkemoi anatazama saa. "Basi rudisha ile ya zamani kwa leo tu. Message iende. Kesho utatengeneza."

Ni njia rahisi, dakika chache, halafu aende nyumbani. Eucabeth anajifuta uso kwa kiganja.

"Kesho hakuna mtu atanikumbuka, mzee. Nikirudisha leo, itakaa hivyo mpaka mtu aingie tena. Halafu mtasema ni mimi."

Anafungua mkoba wake na kutoa adapta nyingine, mpya kiasi. Ni ya kompyuta ya nyumbani, ambayo binti yake Abby hufanyia kazi za chuo. Aliibeba asubuhi kwa wasiwasi tu.

"Abby ataninunia," anasema, akiichomeka.

Anaingiza programu ya kuiendesha, kisha anamwita Chepkemei aandike ufunguo mwenyewe ili mikono iuzoee. Sasa ni sentensi nzima, haina jina la ng'ombe, mtoto wala kanisa. Chepkemei anakosea. Anakosea tena. Mara ya tatu kompyuta inakubali.

Kwa wageni, Eucabeth anatenga mtandao wao, usiofika kwenye kompyuta za ofisi. Ufunguo wake ni tausiwamolo, na Chepkemei anauandika ubaoni kwa herufi kubwa, ameridhika.

Ujumbe unatumwa: gari litapita kesho kama kawaida. Mara simu ya Chepkemei inaanza kulia. Ni wanachama. Kweli ni nyinyi? Si yule mwizi? Anajibu mmoja baada ya mwingine. Eucabeth anakunja waya zake akisikiliza. Kwa hilo hana adapta.

Ana mpango: kila mteja awe na adapta ya akiba, na yeye awafundishe makarani kubadilisha funguo wenyewe, asiitwe kwa kila kitu. "Nataka siku moja simu ilie na mtu aniulize nimelalaje. Basi."

Kesho yake asubuhi yuko tena getini, ingawa hakuitwa. Gari limefika, na mitungi imejipanga kutoka mizani hadi barabarani. Mzee Kipkemoi anamwona na kushtuka.

"Mathe, kuna nini tena? Mbona hakuna kitu kimeharibika?"

"Ndiyo nimekuja kuona hiyo, mzee," anasema Eucabeth, na kuketi juu ya mtungi mtupu.