Picha Iliyouchukiza Mtaa wa Desrosiers

Kabla watu hawajaanza kumchukia, Ovila Charlebois alikuwa fundi wa maandishi ya madukani. Karibu kila kioo cha duka pale mtaani kwetu, Montreal, kilipita mkononi mwake. Kisha kiwanda cha nguo kikapunguza watu, maduka yakaanza kufungwa moja baada ya jingine, na Ovila akaitwa tena, safari hii kuja kuyakwangua kwa wembe majina yale yale aliyoyaandika. Hata kazi hiyo ya kukwangua ikaisha. Akabaki na brashi zake na siku nzima ya kukaa.

Picha alikuwa akizipaka tangu zamani, Jumapili, pamoja na wenzake wachache wenye ugonjwa huo huo. Wale wenzake walipanda treni kwenda vijijini kupaka vilima na farasi wanono kwenye theluji safi. Yeye hakwenda.

"Theluji safi nimeiona," alikuwa akisema. "Ilikuwa bado iko angani."

Alipaka tuliyokuwa nayo. Ngazi za chuma za nje zinazopanda hadi ghorofa ya pili, nguo zetu za ndani zilizoganda kwenye kamba zikawa ngumu kama mbao, mkokoteni wa makaa, foleni ya wanaume mbele ya mlango wa masista wanaogawa supu. Mwanzoni tulifurahi. Hormisdas Lajeunesse, mwenye bucha pale kona, alikuwa akimpigia kelele kutoka mlangoni kwake:

"We Ovila! Mimi utanipaka lini? Unangoja nife?"

"Wewe ukiingia, Hormisdas, picha itajaa."

"Ijae basi! Hao wengine unaowapaka ni mifupa mitupu, hata supu haitoki."

Tarehe mosi Mei ni siku ambayo mikataba ya kupanga huisha na nusu ya mji huu huhama. Mwaka ule dalali wa mahakama alikuja mtaani kwetu kumtoa Rosanna Gadoury, mama wa watoto watatu, ambaye mumewe alikwenda kukata magogo kaskazini na hakuonekana tena. Mvua ilikuwa ikinyesha ile ya manyunyu yenye barafu. Vijana wa dalali wakateremsha kitanda, meza, viti, picha ya Bikira Maria na sufuria za supu, wakavipanga kando ya njia kama vitu vya mnada. Watu wakatoka kwenye roshani na kwenye ngazi. Hakuna aliyeteremka. Hormisdas alisimama mlangoni amekunja mikono. Mzee wa kanisa alikuwa na mwavuli mkubwa, akajifunika mwenyewe. Exilda, mke wa Ovila, alikuwa juu ya ngazi yao na mtoto kiunoni. Na Ovila alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini, karatasi gotini, anachora.

Jioni shangazi yake Rosanna alikuja na mkokoteni wa kuazima, wakaenda kuishi kwenye kichochoro cha nyuma ya kiwanda cha ngozi. Mambo yakaonekana yameisha.

Majira ya baridi yalipofika, picha ya siku ile ikatundikwa kwenye maonyesho makubwa, kule juu mlimani wanakokaa matajiri wa Kiingereza. Gazeti likaichapa nusu ukurasa. Katikati alikuwa Rosanna, ameficha uso kwenye aproni, analia. Kumzunguka tulikuwa sisi, kila mtu na sura yake, wala hukuhitaji kuuliza nani ni nani.

Hormisdas aliikata ile picha gazetini akaibandika juu ya meza ya kukatia nyama. Ovila alipoingia kununua soseji za damu, bucha lilikuwa limejaa wanawake.

"Njoo, msanii, njoo," Hormisdas akamwambia. "Hebu nionyeshe. Huyu mwenye tumbo, aliyekunja mikono kama hakimu, ni nani?"

"Unamjua."

"Nataka unitajie wewe."

"Ni wewe, Hormisdas. Uliniomba nikupake."

Mwanamke mmoja akacheka, kisha akajuta. Hormisdas akachomeka kisu kwenye ubao.

"Nilikuomba unipake, sikukuomba uninyonge! Matajiri wanapita pale na glovu zao, wananitazama, wanasema tazama mnyama huyu. Wewe unakula chumvi yetu, halafu unakwenda kutuvua nguo mbele ya watu!"

"Sikuongeza kitu. Mlisimama, nikapaka mmesimama."

"Toka. Soseji katafute huko huko mlimani."

Kuanzia siku ile mtaa ulimfungia. Alipokuwa akipita, salamu zilikatika. Maji ya kufulia yalimwagwa kwenye ngazi yake usiku yakaganda, asubuhi akateremka kwa makalio mbele ya watu wanaocheka. Akitoa kisanduku chake cha rangi, waliokuwa njiani walimpa mgongo.

Nyumbani nako hapakuwa na pumziko. Exilda alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito, na hakuwa na tabia ya kusema jambo mara mbili, lakini hili alilisema kila alipoweka sahani mezani.

"Mimi pia umeniweka humo. Mkeo."

"Ulikuwepo, Exilda."

"Nilikuwepo. Nina mtoto ana homa, nimesimama kama gogo. Sawa. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nachora."

"Nimeitafuta picha yote kwa kidole. Sijakuona."

Ovila akaacha supu ya njegere ikapoa. Kesho yake akavaa koti, akaenda kule kichochoroni kwa Rosanna. Nadhani alitegemea kwamba angalau yeye angemwambia ahsante. Mtaa mzima ulikuwa umepigwa kofi kwa ajili yake.

Rosanna alimpokea mlangoni, hakumkaribisha. Alikuwa ameiona picha. Shangazi yake alifungia samaki kwenye gazeti hilo.

"Huyu anayelia ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, Rosanna."

"Mimi nililia lini?"

Ovila akababaika. "Ulikuwa na uchungu, nikaona—"

"Nilikuwa nawatukana! Nilimtukana dalali, nikamtukana mama yake, nikamtukana yule mzee na mwavuli wake mpaka sauti ikanikauka. Aproni nilijipangusia mvua. Wewe umenifanya kuku aliyelowa ili matajiri wanihurumie." Akasogea karibu. "Na nilikuita. Unakumbuka? Nilisema, Ovila, njoo ushike meza hii, miguu inakatika. Ukaniinulia kidole. Nisubiri. Umalize kwanza."

Ovila alikumbuka. Alikikumbuka hata kidole chenyewe, kilichokuwa na wino.

"Nenda zako," Rosanna akasema. "Na ukinipaka tena, nipake mdomo."

Maonyesho yalipokwisha picha ikarudi. Kulikuwa na bwana mmoja, muuzaji wa picha za wachoraji, aliyekuwa ameahidi kuinunua. Ovila hakumngoja. Aliishambulia siku kadhaa jikoni, Exilda akipika huku harufu ya mafuta ya taa ikiingia kwenye mkate. Akauondoa uso uliofichwa, akaweka uso uliopanuka mdomo, mishipa ya shingo imetuna, mkono umeelekezwa. Kule ulikoelekezwa, chini ya ngazi, akampaka mwanaume na karatasi gotini, kichwa kimeinama, kidole kimoja juu.

Yule bwana alipofika aliitazama kwa muda mrefu.

"Umeiharibu," akasema. "Ilikuwa inagusa moyo. Sasa ni mwanamke mwenye kelele."

"Alikuwa na kelele, bwana."

Bwana akavaa kofia yake. Ovila akaichukua picha akaisimamisha kwenye dirisha la chumba cha mbele, uso kwa mtaa, ili asiyetaka kwenda mlimani aione hapa hapa. Haikupita siku, tofali likapita kwenye kioo. Watu wakakusanyika chini, Hormisdas mbele yao, wakitaka picha itolewe. Exilda akatoka juu ya ngazi, mikono ina unga.

"Nani ana haki ya kulalamika kuliko mimi?" akawauliza. "Mimi nimo, nalala kitanda kimoja na aliyeniweka. Na yeye sasa yumo. Mmemwona? Haya. Anayetaka kuitoa apite hapa."

Hakuna aliyepita. Lakini hakuna aliyeomba radhi pia, na kioo Exilda na mumewe wakakiziba kwa karatasi ya katoni.

Rosanna alikuja mara moja kuitazama, kabla theluji haijaisha. Alisimama njiani, akainua kichwa, akamwambia Exilda aliyekuwa akianika nguo: "Mdomo ni wangu. Lakini meza bado hakuna aliyeishika." Akaenda. Hakuja tena.

Mosi Mei iliyofuata, dalali alirudi, safari hii kwa Tancrède Mailhot, fundi viatu aliyekuwa akikohoa damu. Watu wakatoka kwenye roshani kama kawaida. Kiti cha kwanza kikashushwa, cha pili. Ovila alikuwepo na kisanduku chake, na macho ya watu yote yalikuwa kwake, siyo kwa Mailhot. Ghafla Hormisdas akafungua aproni yake ya damu akaitupa chini.

"Mnangoja nini? Mchorwe tena?"

Akanyanyua kiti akakirudisha ndani kwa ngazi ya nyuma. Wengine wakateremka. Kila walichokitoa vijana wa dalali mbele, sisi tulikirudisha nyuma, watu wakitukana, wakigongana, na walikuwa wakimtukana Ovila zaidi ya dalali. "Chora na hili, shetani wewe!"

Ovila akaacha kisanduku. Lilibaki jiko la chuma, na aliyeshika upande wa pili alikuwa Hormisdas. Wakaanza kupanda. Kwenye kona ya ngazi upande wa Hormisdas ulishuka ghafla, ukabana vidole vya mkono wa kushoto wa Ovila kwenye chuma cha kushikilia. Tulisikia mlio.

"Limeteleza," Hormisdas akasema.

Ovila alikuwa amegeuka rangi ya karatasi. "Inua," akasema. Wakalifikisha juu.

Dalali alichoka akaondoka. Akina Mailhot walikaa mpaka kiangazi, wakapata pengine. Vidole viwili vya Ovila viliunga vimepinda, na mpaka leo watu hubishana kama lile jiko liliteleza kweli. Hormisdas hakumuuzia tena nyama. Exilda alivuka reli kufuata nyama ya nguruwe.

Bandeji ilipotolewa, Ovila aliweka kisanduku chake ng'ambo ya bucha akaanza kupaka mlango ule. Hormisdas akamwona. Akatoka, akasimama katikati ya mlango, akampa mgongo, na akakaa hivyo mchana kutwa, wateja wakipita ubavuni kwake. Ovila akaupaka mgongo wote, pamoja na jasho lililolowesha shati.