Akina Cornel Wawili wa Kambini

Sikuzaliwa na roho mbaya, naapa. Ila mwaka tisini na tisa wivu ulinikaba koo, na wenye akili walishasema, wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilikonda.

Nilikuwa opereta wa simu na redio katika kampuni ya kutafuta dhahabu. Ofisi ilikuwa Kambarage, hapa Shinyanga mjini, na kambi ilikuwa Geita. Miaka mitano nilikalia kiti kile. Ukimtaka mtu, unamwuliza Anisia. Meneja wetu, Bwana Eustace, alikuwa hajui majina kamili ya watu wake. Alisema tu nimtafutie Baba Ghati, nami nikashika redio, na dakika mbili hazijapita Baba Ghati anaitika. Nilijiona mtu, jamani.

Ndipo akaletwa Jaya, binti wa Hemal mwenye duka la vitenge, katoka Nairobi kusomea kompyuta. Miaka ishirini na tatu, mzuri, halafu ana adabu. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo, nami naitikia marahaba nimeuma meno. Laiti angekuwa na kiburi, ningepata nafuu.

Kazi yake ilikuwa kuweka anwani za barua pepe za wafanyakazi wote kwenye kompyuta kubwa ya ofisi, kisha kuzielekeza kompyuta za mezani zikazitafute humo. Alipita meza kwa meza. Anafungua programu ya barua, anaingia kwenye mipangilio, anaandika jina la ile kompyuta kubwa, anaandika na jina la kampuni ili itafute kuanzia hapo, anaweka alama ya vema. Basi. Ukiandika herufi tatu za jina la mtu, anwani yake inajileta. Bwana Eustace alisimama nyuma ya kiti cha msichana yule nusu saa nzima, anacheka kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Nyuma ya kiti changu hakuwahi kusimama hata siku moja. Mchana ule ugali ulinishinda. Watu wakishajua kutafutana wenyewe, opereta wa nini tena?

Siku mbili baadaye Jaya alinijia na orodha aliyopewa na Telesphori, karani wa utumishi. "Cornel M., Geita" alikuwa ameandikwa mara mbili.

"Dada Anisia, huyu ni mtu mmoja?"

Nilijua. Mmoja ni Cornel Marwa, fundi wa sampuli, Mkurya wa Tarime, ndiye Baba Ghati. Wa pili ni Cornel Mihayo, mtunza stoo, kwao Ushirombo, Baba Vaileth. Hakuna aliyewahi kuwachanganya, kwa sababu hakuna aliyewaita Cornel. Maneno yalinifika ulimini, nikayameza.

"Wewe si ndiye mtaalamu? Andika unavyoona."

Akanishukuru, masikini, akaenda akafuta mmoja. Akamfuta Baba Ghati. Nami nilifurahi, sidanganyi, nikawa nasubiri siku atakayoumbuka mbele ya meneja.

Siku hiyo ilikuja na msiba. Simu ililia nimetoka kwenda kula, Telesphori akaipokea: Cornel wa kambini amefiwa na mama yake mzazi, maziko keshokutwa. Zamani angenisubiri mimi nishike redio. Sasa akaandika herufi tatu, Cornel mmoja akajitokeza, akamtumia ujumbe. Niliporudi hakuniambia kitu. Aniambie ya nini, na kazi imekwisha?

Kule kambini Baba Vaileth aliangua kilio, wenzake wakamchangia nauli, akaenda Ushirombo. Akamkuta mama yake uani anapukuchua mahindi. Bibi wa watu alipomwona mwanawe anavyolia, akadhani kuna aliyekufa Geita. Baba Vaileth alirudi kambini siku ya tatu jioni, na ndipo watu wakaanza kuulizana marehemu alikuwa mama wa nani. Tarime walikuwa wameshazika.

Bwana Eustace alimfokea Jaya mlango ukiwa wazi, ofisi nzima tunasikia. Akamwambia afungashe vitu vyake. Jaya akajibu polepole kwamba kosa ni lake, alifuta jina bila kuhakikisha. Hakunitaja. Hapo ndipo wivu ulinichoma kuliko siku zote: hata kwenye aibu, binti yule alikuwa amenipita. Nikaingia mle ndani.

"Aliniuliza mimi. Nilijua ni wawili, nikanyamaza."

Jaya alibaki. Mimi nilipelekwa masjala, kupanga mafaili, na redio akapewa mwingine.

Wiki iliyofuata Baba Ghati alileta sampuli Shinyanga. Akaja mpaka masjala, kichwa kimenyolewa. Nikasimama nikampa pole, naye akaipokea. Nilitamani anitukane.

"Anisia," akasema, "wewe si unanijua?"

"Nakujua, Baba Ghati."

"Kwetu unapajua?"

"Napajua."

"Na mama yangu ulikuwa unamjua. Alipokuja kutibiwa Shinyanga alilala kwako."

Nikaitikia kwa kichwa. Akaniuliza faili la likizo za msiba liko wapi, anataka kujaza fomu. Nikamtolea.