Shahidi Aliyeona kwa Mbalamwezi

Bado naikumbuka siku ile ya Pasiansi, mwanangu, na aibu yake haijaniisha. Nasikia umeanzisha kipindi kwenye simu, unachambua mauaji ya zamani. Hebu zima hiyo simu kwanza unisikilize shangazi yako.

Nilikuwa mwandishi wa gazeti dogo hapa Mwanza, binti mjuaji kupindukia. Nikafukua kesi ya mvuvi aliyeuawa ufukweni miaka mingi nyuma, muuaji asijulikane. Mimi nilishamjua! Nilimshikilia Bundala, mwenzake wa mtumbwi, kwa sababu waligombana, na baada ya msiba akahamia Kisesa. Shahidi wangu aliapa kwamba usiku ule mbalamwezi iliwaka hata akamtambua Bundala sura, akishusha dagaa kutoka ziwani, nguo zina damu. Bundala alikuwa hai bado, mzee, na kesho yake jina lake lilikuwa litoke gazetini.

Nikapita Pasiansi kwa Mama Kabula, mwanika dagaa, nimsomee habari yangu nijisifu kidogo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku akigeuza dagaa wake. Nilipomaliza akauliza, "Wewe umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa, mama."

"Na mwezi ukiwaka hivyo, nani anakwenda kuvua dagaa?"

Yesu wangu, nilinywea! Mtoto yeyote wa ziwani anajua kwamba dagaa hufuata taa ya mvuvi gizani. Mwezi ukiwa mkubwa, mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu. Ama mbalamwezi haikuwepo, ama dagaa hawakuwepo. Nililijua hilo tangu utotoni, ila nilimtaka Bundala mno, sikujiuliza.

"Umemchagua mtu kwanza," akasema, "ndipo ukamtafutia damu."

Nikaichana ile habari. Kisha nikaenda Buzuruga kwa binti wa marehemu, niliyekuwa nimemwahidi jina la muuaji, hata nikamdokezea Bundala, nikamwambia, "Sijui nani alimuua baba yako."

Alilia sana. Halafu akasema, "Dada, ulipomtaja Bundala, kaka yangu alinunua panga."

Nikamwomba amwite huyo kaka, nikamrudia na yeye maneno yale yale, mwanangu.

Kwa hiyo dhana yako ihoji kwa ukali kuliko unavyomhoji mtuhumiwa. Kinachoipinga kiandike kwanza, hata kama kinakuharibia kipindi. Na usipojua, sema hujui, hata mbele ya anayelia. Mungu akupe masikio makubwa, na akuzibe mdomo kila unapotaka kutaja jina la mtu kwa haraka.

Haya, washa simu yako.