Hati Iliyokosa Dole Lake

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida ilikuwa Jumanne. Dobi aliamka kwanza, akawasha jiko la maji ya kufulia, akakoroga wanga kwenye sufuria. Mumewe, fundi rangi, alikuwa amekaa mlangoni akifunga kamba za viatu. Uzee ulikuwa umeshamshusha kwenye ngazi. Siku hizo alipaka milango na madirisha tu.

"Leo twende kwa wakili, mzee wangu," mkewe akamwambia bila kugeuka. "Ukaweke dole, nipumue."

"Kesho."

"Kesho yako hiyo ina miaka sita sasa. Ingekuwa mtoto ingekuwa shule."

Akacheka. Mkewe naye akacheka, akamletea chai. Wakanywa wamesimama, kila mtu na haraka yake, na mume akachukua brashi zake akaondoka. Hata hakuaga vizuri. Hakuona sababu.

Saa nne majirani wakamfuata kazini. Mkewe alikuwa ameanguka kando ya meza ya pasi, shati la mteja limenyooka upande mmoja. Walipomfikisha hospitali alikuwa amekwisha kata roho. Moyo, alisema daktari.

Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa wao wawili, na ile nyumba.

Nyumba yenyewe si kitu cha kutisha watu. Mbele chumba cha kazi, chenye meza mbili za pasi na benchi la wateja. Nyuma vyumba viwili. Halafu ua, kamba sita za kuanikia, na makaro manne ya kufulia ambayo baba mkwe aliyamwaga saruji kwa mikono yake. Mzee huyo alikuwa dobi tangu ujana, na binti yake alijifunza kupiga pasi kola kabla hajajua kuandika.

Fundi rangi alikuwa mtu wa nje. Alivuka mpaka kufuata kazi, akafika pale na ovaroli moja imekauka kwa rangi, inasimama yenyewe. Binti wa dobi akaigeuza huku na huku.

"Umeniletea nguo au ukuta?"

"Ukuta," akajibu, kwa lafudhi yake ya kigeni. "Nguo imo ndani."

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo ovaroli ikawa inachafuka sana. Wenzake kazini walimwona akijimwagia rangi makusudi, wakadhani jua limempiga kichwani.

Alipopeleka posa, baba mkwe hakukataa. Ila jirani yake alikuwa amemwoza binti yake kwa mgeni, ndoa ikavunjika, na nyumba ya jirani ikauzwa ili mgeni apewe nusu yake. Mzee alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake. Akamwambia fundi, binti nakupa, makaro sikupi. Kabla ya harusi wakaenda wote kwa wakili.

Fundi hakujua kusoma, kwa hiyo wakili akamsomea. Nyumba, ua, makaro na pasi zote ni mali ya ukoo wa mke. Mume hana fungu humo, wakiwa pamoja, wakiachana, au mke akitangulia kufa. Akamwuliza kama ana swali.

"Yeye mwenyewe ameandikwa wapi?"

Wakili akapitia karatasi tena, akasema binti hayumo katika mali zilizozuiwa.

"Basi lete wino."

Mzee akajikohoza ili asicheke.

Ile hati haikumuuma hata siku moja. Kilichomuuma ni neno la shemeji yake, mdogo wa mkewe, siku ya harusi. Shemeji alikuwa mtu wa maskhara. Alisimama mbele ya watu akasema bwana harusi amekuja na brashi moja, tumchunge asije akaondoka na nyumba. Watu wakashika mbavu. Bwana harusi naye alicheka, lakini lile neno likamkaa kooni miaka thelathini na minne.

Ndiyo maana kila baada ya miaka miwili aliipaka nyumba nzima rangi, wala hakupigilia hata msumari bila kuomba ruhusa. Alikuwa akiuliza mwenye nyumba atasemaje. Mkewe alikasirika sana kwa hilo. "Mwenye nyumba ndiye nani? Si huyu unayemvuta shuka?"

Baba mkwe alipofariki, nyumba ikawa ya binti. Miaka ikaenda. Kisha miguu ya mke ikaanza kuvimba, na pumzi ikawa inamkatikia njiani. Akaenda kwa wakili peke yake, akaandikisha hati mpya: akitangulia yeye, mumewe akae katika nyumba ile mpaka mwisho wa maisha yake, ndipo irudi kwa ukoo. Akatia saini. Lakini kuivunja hati ya kwanza kulitaka wote wawili, mbele ya wakili, na nafasi ya mume ikabaki nyeupe.

Mume alikataa. Alisema hakuoa nyumba. Alisema watu watasema.

"Watasema siku moja, watachoka," mkewe akamwambia. "Wewe utahitaji kulala kila siku."

Akasema kesho.

Mwezi mmoja baada ya maziko, shemeji akaja. Alikaa kwenye benchi la wateja, akalia kwanza, maana dada yake ndiye aliyemlea. Kisha akatoa nakala ya hati ya zamani. Alisema nyumba imemwangukia yeye, na wanawe wanataka iuzwe wagawane. Angempa shemeji yake mpaka mwisho wa mwezi.

"Sikufukuzi, shemeji. Lakini hati unaijua."

"Naijua."

"Dada aliniambia alikuandikia nyingine. Mimi nilimwambia sawa, sina neno. Mbona hukuweka dole?"

Fundi akamweleza. Siku ya harusi. Brashi moja.

Shemeji akaiweka ile nakala kando.

"Mimi nilisema hivyo?"

Hakukumbuka. Hata chembe. Akarudi kufuta macho, akasema wanawe wameshampata mnunuzi na yeye mwenyewe hana nguvu ya kuwarudisha nyuma.

Kesho yake fundi akaenda kwa wakili, na dole lake. Wakili naye alikuwa amezeeka. Akalitoa faili, akaifungua ile hati mpya juu ya meza. Saini ya mke ilikuwa pale, imeandikwa taratibu kama mtu anayeshona kifungo. Fundi akauliza kama anaweza kuweka dole lake sasa. Wakili akamwambia haiwezekani, ilitakiwa wawe wote wawili, hai, mbele yake.

Hakubishana. Nyumba alikuwa ameshaiaga moyoni. Aliuliza jambo moja tu, mkewe alisema nini siku ile aliyotia saini.

Wakili alikumbuka. Yeye ndiye aliyemwonya kwamba hati yenye saini moja ni karatasi tu, akamwuliza kama mume atakuja kweli. Dobi aliweka kalamu chini, akasema:

"Weka tu kwenye faili. Atakuja. Ana kiburi huyo, lakini mimi nina muda."