Nilimfundisha mdogo wangu chuo nisichokijua

Ndugu msomaji, mimi ndiye niliyempoteza mdogo wangu. Nyumbani wanalaumu chuo kikuu. Chuo hakina kosa.

Miaka ya sabini nilikuwa nafundisha shule ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wanakijiji, karibu na Ikutha, bila kusomea ualimu. Mdogo wangu Musyoka alipoitwa chuo kikuu, hapakuwa na mtu kwetu aliyewahi kufika huko wa kumwelekeza. Nilikuwa na riwaya moja ya maisha ya wanafunzi wa chuo. Nikaifanya somo! Tulisoma pamoja, nami nikimfafanulia kama mtu aliyewahi kukaa kwenye mihadhara.

Ndani yake kijana anashindwa na masomo, ananyamaza, mpaka profesa anaona kipaji chake na kumwita. Niliipenda sana sehemu hiyo.

Likizo ya kwanza alirudi amekonda. Sokoni wenye mbuzi wakamtania, "Profesa, huyu wangu anakohoa, mtibu basi!" Akacheka. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Kaka, sielewi kitu. Mhadhiri anaongea, anaondoka. Nimfuate ofisini?"

"Ujipeleke uonekane mjinga? Umesahau kitabu? Tulia, atakuita."

Lo! Nilisema hivyo bila hata kusita!

Hakuitwa. Alianguka mtihani, akaogopa kuwarudia wale waliomwita profesa. Akaenda mji mdogo wa Kiboko kupakua malori. Malaria ikamkuta huko, kati ya watu wasiomjua. Sisi tulidhani yuko darasani, hadi tulipoambiwa tukachukue maiti.

Siku ya mazishi akaja mwenzake wa chuo. Akanivuta kando. "Mlango wa mhadhiri ulikuwa wazi kwa kila mtu. Hata mtihani wa kurudia ulikuwepo, ni kuomba tu. Tulimsukuma aende. Akasema kaka yake amemfundisha asijipeleke."

Mama alikuwa karibu. "Anasema nini huyo?"

"Anatupa pole, mwaitu."

Nilimdanganya mama yangu kando ya kaburi! Na kwa kuwa aliamini chuo ndicho kilichomla mwanawe, alimkataza dada yetu kuendelea na shule. Nilimwona msichana akilia, nikanyamaza. Ole wangu!

Ninyi mnaowasomea watoto hadithi za chuo, wasomeeni, mfurahi nao. Lakini mtoto akikuuliza jambo usilolijua, mwambie, "Sijui, nenda ukaulize." Mimi niliona haya kusema hivyo mbele ya mdogo wangu.