Koti Langu na Gari la Harusi

Nichekeni tu, jamani. Jumamosi gari la jirani yangu hapa Shirere, Baba Nafula, lililala tumbo chini, na Nafula anangojwa kanisani Butere aolewe. Gari lenyewe hubebwa na mifuko ya hewa inayojazwa kwa umeme. Nikafungua mlango, nikatundika koti langu juu yake, nikabadilisha fyuzi iliyoungua. Likagoma kuinuka! Nikapima waya ndefu za kutosha kufika mpaka Likuyani na kurudi. Wapi!

“Fundi, bwana harusi ataoa nani leo?” Baba Nafula akafoka.

“Tulia, mzee. Umeme nimeusomea, tena madarasa ya jioni.”

Nafula akatoka na shela lake, akanitupia koti, akaubamiza mlango. Gari likanguruma, likainuka kama ngamia. Kumbe haliinuki mlango ukiwa wazi!

“Fundi,” Nafula akauliza, “kwa hivyo kilichoharibika ni koti?”