Pamba za Mama Radi

Watu walimwita Radi, na jina hilo hakulipata kwa kunong'ona. Ujanani alipiga gitaa la roki katika bendi ya vijana wenye nywele timtim, wakifanyia mazoezi chumba cha uani kwa mama yake mpaka vikombe vikawa vinatembea vyenyewe kabatini. Mama hakugomba. Alijaza pamba masikioni, akaendelea kukaanga vitunguu vyake.

Bendi ikavunjika, kila mmoja akidai yeye ndiye nyota. Radi akaangukia kazi ya kutunga muziki wa filamu. Penye magari ya kulipuka, hakuwa na mpinzani. Penye machozi aliharibu: mguu wake wa kulia, uliozoea kile kikanyagio cha kulifanya gitaa lingurume, ulikanyaga wenyewe, na marehemu wa watu akaagwa kwa kishindo cha kumfufua.

Lakini kilichomkera moyoni kilikuwa kimoja tu. Mama yake alikuwa hajawahi kusikiliza muziki wake hata mara moja, mwanzo mpaka mwisho. Basi alipopewa filamu yenye mama anayemuaga mwanawe kituoni, aliapa kwamba huu ndio wa mama. Mkewe akamfunga mguu kwenye kiti kwa mtandio.

"Ukitaka kwenda chooni, niite," mke akasema.

"Na nikitaka kungurumisha?"

"Usiniite."

Ukatoka muziki laini, hata mwenyewe akajishangaa. Siku ya onyesho la kwanza mama alikaa mbele, gauni jipya, mkoba mapajani. Ilipofika pale kituoni, ukumbi mzima ulipenga kamasi. Mama naye alilia. Radi akajiona amefika.

Walipotoka nje akamuuliza, "Mama, umeuonaje muziki?"

"NINI?" Mama akachomoa kibonge cha pamba sikio la kushoto, kisha la kulia. "Si nilijua ni wewe uliyepiga? Nije bila pamba, nina wazimu?"

Iliuma, jamani, iliuma sana. Nyumbani Radi alishusha gitaa, hakulichomeka kwenye umeme, akaketi sakafuni karibu na mama, mguu wa kulia kaukalia kwa usalama. Akapiga ule wa kituoni, polepole, mpaka mwisho. Mama hakutikisika. Pamba zilikuwa juu ya meza.

"Anza tena," mama akasema, kiganja nyuma ya sikio. "Na mara hii ongeza sauti, mwanangu."